Ni nani anayeamua kwamba tukio fulani ni mapinduzi?

Mwanafunzi wa Historia ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nawaomba mnisaidie kulifikiria jambo ambalo hunisumbua kila ninaposoma historia ya karne ya 20. Waandishi wengi hutaja mapinduzi kana kwamba kila msomaji anajua maana yake na hakuna wa kuipinga, lakini nikiyalinganisha matukio yenyewe nakuta tofauti kubwa mno. Mnamo Julai 1952 maofisa wa jeshi la Misri walitwaa madaraka, na siku tatu baadaye Mfalme Farouk akaachia kiti na kuondoka nchini. Mwanzoni maofisa hao waliliita tendo lao harakati, na jina la mapinduzi likaja kushika baadaye. Mwaka 2013 jeshi la nchi hiyohiyo lilimwondoa Rais Mohamed Morsi kufuatia maandamano makubwa ya tarehe 30 Juni. Utangulizi wa katiba ya mwaka 2014 unayaunganisha maandamano hayo na yale ya Januari 2011 na kuyaita mapinduzi, ilhali wafuasi wa Morsi wanashikilia kwamba wanajeshi walimpokonya madaraka rais aliyechaguliwa kwa kura. Nchini Iran, Shah, yaani mfalme wa nchi hiyo, alitangaza mwaka 1963 mpango mkubwa alioupa jina la Mapinduzi Meupe, na miaka 16 baadaye yeye mwenyewe akang'olewa na mapinduzi mengine ambayo viongozi wake hawakuuona mpango ule kuwa unastahili jina hilo hata kidogo.

Je, ipo fasili ya mapinduzi inayoweza kusimama bila kujali ni nani anayeitamka, au tukubali kwamba hili ni jina tu ambalo mshindi hulivisha tendo lake? Nikikubali hili la pili, naona tutakosa namna ya kumwambia mtawala yeyote kwamba anajipa sifa asiyostahili. Nikikubali lile la kwanza, nahofu kwamba fasili hiyo itakuwa imetungwa na mtu aliyesimama upande mmoja na kuona yaliyoonekana kutoka upande huo. Naomba majibu yenye mifano, kwa kuwa hoja tupu juu ya jambo hili nimezisoma nyingi.

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Mwanangu, hofu zako zote mbili zina msingi. Mimi huanza kwa kutenganisha mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara, yaani kile kilichobadilika na namna watu wanavyokihukumu. Kilichobadilika kinaweza kuchunguzwa kwa ushahidi ambao hata mahasimu wanaweza kuusoma pamoja. Hukumu hutegemea mtu alikuwa wapi siku ile, alipoteza nini na alipata nini.

Ninapochunguza kilichobadilika, nina maswali yangu machache. Ardhi na njia nyingine kubwa za kuzalisha mali zilikuwa mikononi mwa nani kabla ya tukio, na miaka kadhaa baadaye zilikuwa mikononi mwa nani? Ni watu gani waliohesabiwa kuwa watu kamili mbele ya sheria, na je, idadi yao iliongezeka? Watawala wapya walitoka katika tabaka lilelile la watangulizi wao? Na je, umma uliingia katika jambo hilo wenyewe, au ulitangaziwa redioni alfajiri kwamba serikali imebadilika? Jeshi likimwondoa kiongozi na majibu ya maswali haya yakabaki yaleyale, aliyebadilika ni mkaaji wa ikulu tu, hata kama siku hiyo itafanywa sikukuu na kupigiwa mizinga kila mwaka.

Chukua mfano wa Ethiopia, kwa sababu naona ndio unaofundisha kuliko mingi. Tarehe 12 Septemba 1974 wanajeshi walimwondoa Mfalme Haile Selassie. Mtu akiishia siku hiyo, ataandika kwamba jeshi lilitwaa nchi, na atakuwa ameandika kweli. Lakini Machi 1975 serikali hiyo ya kijeshi ilitaifisha ardhi yote ya mashambani na kuwaondolea wakulima wapangaji, hasa wa kusini, wajibu wa kumpelekea mwenye shamba sehemu kubwa ya mavuno yao. Tabaka zima lililoishi kwa jasho la wapangaji likapoteza msingi wake katika muda wa miezi michache. Hayo kwangu ni mapinduzi. Kisha, mwaka 1977 na 1978, watawala haohao waliendesha kampeni ya mauaji iliyojulikana kama Ugaidi Mwekundu, na miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wengi wa lile vuguvugu la wanafunzi ambalo tangu miaka ya 1960 lilikuwa likidai ardhi apewe mkulima. Mpangaji aliyepumua mwaka 1975 na mama aliyempoteza mwanawe mwaka 1977 wanazungumzia tukio moja. Sioni sababu ya kumwambia yeyote kati yao kwamba amekosea.

Nikitumia maswali hayohayo kwa mifano yako, naona hivi. Tendo la maofisa wa Misri lilianza kama utwaaji wa madaraka, likawa mapinduzi kwa yale yaliyofuata: Septemba 1952 sheria iliweka kikomo cha fedani 200 (fedani ni kipimo cha ardhi cha Misri) kwa ardhi ya mmiliki mmoja, na Juni 1953 ufalme ukafutwa. Mwaka 2011 hali ilikuwa kinyume chake. Umma uliingia mitaani kwa wingi usio na mfano na kumlazimisha Hosni Mubarak kuondoka tarehe 11 Februari, lakini nguzo ya utawala wake, yaani jeshi, ikabaki na ndiyo iliyokabidhiwa nchi. Kwa hiyo 1952 palikuwa na mabadiliko makubwa ya muundo yaliyoanzishwa na watu wachache, na 2011 palikuwa na umma mkubwa uliozuiwa kuufikia muundo. Ama Mapinduzi Meupe ya Shah, hayakuwa jina tupu, maana mashamba ya wamiliki wakubwa yaligawanywa kweli na wanawake wakapata haki ya kupiga kura. Hata hivyo, yote yalishuka kutoka katika kiti cha enzi ambacho chenyewe hakikuguswa, na mimi huyaita mageuzi kutoka juu.

Binti Msomi amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nakubali kwamba ushahidi upo na kwamba unaweza kuchunguzwa, lakini naona maswali yako yenyewe nayo yameulizwa kutoka mahali fulani. Hati za ardhi, sheria za nchi na majina ya mawaziri ni mambo yanayoonekana vizuri katika nyaraka za dola. Yanayotokea ndani ya ndoa na ndani ya nyumba hayaonekani humo kwa urahisi, na kwa nusu ya binadamu huko ndiko utawala ulikoonekana kwanza.

Mfano wa Ufaransa unatosha kuonyesha ugumu huu. Agosti 1789 lilitolewa Tamko la Haki za Binadamu na Raia, na kwa vigezo vyako mapinduzi yalikuwa yamekwisha kuthibitika. Mwaka 1791 mwandishi wa kike Olympe de Gouges aliandika tamko la haki za mwanamke na raia wa kike, akidai kwa wenzake kile walichokuwa wamejipa wanaume. Novemba 1793 alikatwa kichwa. Wanawake wa Ufaransa walipewa haki ya kupiga kura mwaka 1944. Mtu angeweza kusema basi kwamba kwa mwanamke wa Kifaransa hapakuwa na mapinduzi yoyote. Lakini hilo nalo si kweli, kwa sababu sheria ya Septemba 1792 ilimruhusu mke kudai talaka kwa masharti yaleyale ya mume, jambo ambalo halikuwapo kabla, na ambalo lilibanwa chini ya Napoleon na kufutwa kabisa mwaka 1816. Mwanamke aliyeitumia sheria hiyo kutoka katika ndoa ya mateso aliyaona mapinduzi, tena kwa miaka michache tu, katika sehemu ya maisha ambayo waandishi wengi wa siasa hawaigusi.

Iran inaonyesha upande mwingine. Wengi wa wanawake walioandamana Tehran tarehe 8 Machi 1979 kupinga agizo la kujifunika walikuwa wameandamana miezi michache kabla yake kumpinga Shah. Sheria ya familia ya mwaka 1967, ambayo ilikuwa imepunguza uwezo wa mume kumtaliki mkewe bila kufika mahakamani, ilisimamishwa mwezi uleule wa Februari ambao utawala wa zamani ulianguka. Walikuwa wameshiriki kuyaleta mapinduzi, na katika jambo lililowahusu wao hasa yaliwarudisha nyuma. Siwezi kukubali fasili inayolichukulia hilo kuwa dosari ndogo ya utekelezaji.

Mtafiti Huru amejibu:

Ndugu zangu, nimefuatilia mjadala huu kwa hamu, nami naomba niongeze kitu kuhusu watu walionyimwa jina la mapinduzi, maana mpaka sasa tumezungumzia zaidi wale waliojipa.

Mwaka 1791, mwezi wa Agosti, watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa lililokuwa likizalisha sukari na kahawa kwa wingi usiokuwa na mfano, waliasi. Walikuwa karibu nusu milioni. Katika miaka iliyofuata walipigana na majeshi ya Ufaransa, Hispania na Uingereza. Kiongozi wao mashuhuri, Toussaint Louverture, alikamatwa mwaka 1802 na kufia gerezani Ufaransa mwaka uliofuata. Na tarehe 1 Januari 1804 Jean-Jacques Dessalines alitangaza uhuru wa Haiti. Chukua sasa maswali ya Mwalimu, moja baada ya jingine. Mali iliondoka mikononi mwa wamiliki wa mashamba makubwa, na kumbuka kwamba sehemu kubwa ya mali hiyo ilikuwa watu wenyewe. Aliyekuwa kitu mbele ya sheria akawa raia. Watawala wapya hawakuwa wale wa tabaka la zamani la wakoloni. Umma ndio uliofanya kazi yote. Sijui tukio jingine la zama hizo linalopita mtihani huu kwa ukamilifu kama huo, na Ufaransa ya 1789 nikiiweka kando yake naiona nusu.

Hata hivyo, kwa muda mrefu sana magazeti, mabunge na vitabu vya Ulaya na Marekani viliyaita hayo ghasia za watumwa, na kuyasimulia kama msiba uliowapata wenye mashamba. Marekani, nchi ambayo nayo ilizaliwa kwa kuasi, ilikataa kuitambua Haiti hadi mwaka 1862. Ufaransa ilikubali kuitambua mwaka 1825 kwa sharti la kulipwa faranga milioni 150 za kuwafidia waliopoteza mashamba na watumwa wao. Kiasi hicho kilipunguzwa baadaye hadi milioni 90, na mikopo iliyochukuliwa kwa ajili ya deni hilo iliendelea kulipwa hadi karne ya 20. Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema kwamba kila kitu ni mtazamo. Wamiliki wa mashamba walikuwa na mtazamo, ndiyo, lakini mtazamo huo ulificha jambo lililokuwapo, na ulilificha kwa faida inayoweza kuhesabiwa kwa faranga. Kulitambua lile kuwa mapinduzi kungemaanisha kukiri kwamba waliolifanya walikuwa watu wenye haki, na kukiri hivyo kungeyatikisa mashamba ya Jamaica, Cuba na Virginia.

Tuiangalie Marekani yenyewe kutoka kwa walio chini. Novemba 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, aliahidi uhuru kwa watumwa wa waasi watakaokimbilia upande wa mfalme na kushika silaha. Maelfu walikimbia katika miaka ya vita. Vita vilipokwisha mwaka 1783, watu weusi wapatao 3,000 waliondoka pamoja na Waingereza kwenda Nova Scotia, na mwaka 1792 karibu 1,200 kati yao walivuka bahari kuanzisha Freetown huko Sierra Leone. Kwa watu hao, bendera ya uhuru ilikuwa ya mfalme, na wanamapinduzi walikuwa ndio mabwana waliowakimbia. Si hadithi nzima, maana walikuwapo pia weusi waliopigana upande wa makoloni, na majimbo ya kaskazini kama Pennsylvania yalianza kuufuta utumwa taratibu kuanzia mwaka 1780. Lakini katiba ya 1787 ililinda biashara ya kuingiza watumwa kwa miaka 20 mingine, na utumwa wenyewe ulidumu hadi 1865.

Tena jina linaweza kutolewa kwa makusudi ili kuziba njia ya kitu kingine. Tunapozungumzia Mapinduzi ya Kijani, yaani mbegu bora za ngano na mpunga, mbolea na umwagiliaji vilivyoongeza mavuno Asia na Mexico, wengi wetu tunadhani ni jina la wakulima au la wanasayansi. Lilitolewa mwaka 1968 na William Gaud, mkuu wa shirika la misaada la serikali ya Marekani, aliyelipambanua waziwazi na mapinduzi mekundu ya Wasovieti na yale meupe ya Shah. Ahadi iliyokuwa ndani ya jina hilo ni kwamba njaa inaweza kuondolewa kwa mbegu bila kugusa swali la nani anamiliki shamba. Mavuno yaliongezeka kweli, na watu wengi walinusurika na njaa. Swali la shamba likabaki palepale.

Mwanafunzi wa Historia ameandika tena:

Nawashukuru sana, kwa kweli mmenipa zaidi ya nilichokitarajia. Dada Binti Msomi na Ndugu Mtafiti mmenionyesha kwamba kinachohitajika ni kuuliza kila mara mabadiliko yalikuwa kwa nani. Limebaki jambo moja. Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, yaliyotokea mwezi mmoja na siku chache baada ya uhuru wa Desemba 1963, husimuliwa na wengine kuanzia usiku ule wa Januari, na wengine kuanzia miaka mingi ya utumwa, mashamba na chaguzi zilizotangulia. Anayeanza na usiku ule huzungumza juu ya waliouawa na waliokimbia, na anayeanza mbali huzungumza juu ya waliokuwa hawana ardhi. Je, muda tunaouchagua nao si mtazamo? Na tutajuaje tuanzie wapi na tuishie wapi?

Mwalimu Mstaafu amejibu:

Ni mtazamo, tena wenye nguvu kuliko yote, kwa sababu msomaji haoni kwamba amechaguliwa pa kuanzia. Kabla ya kulijibu hilo, nakiri kwamba Binti Msomi ameniongezea swali la tano, nalo ni kuhusu nani mwenye amri juu ya mwili na ndoa ya nani. Nitalitumia.

Kuhusu mwisho, nitasema machache. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake Februari 1794 na kuurudisha mwaka 1802. Anayefunga hesabu mwaka 1795 na anayefunga mwaka 1805 wataandika sura mbili zinazopingana. Mimi hupendelea kufunga hesabu zaidi ya mara moja, yaani kueleza hali ilivyokuwa baada ya mwaka, baada ya miaka kumi na baada ya kizazi, na kumwachia msomaji aone kipi kilidumu.

Mwanzo ndio mgumu zaidi. Tazama Ureno. Ukianza tarehe 25 Aprili 1974, unapata kisa cha vijana maofisa walioangusha udikteta mkongwe kwa siku moja, watu wa Lisbon wakamiminika mitaani ijapokuwa redio iliwasihi wabaki majumbani, wakaweka maua mekundu kwenye mitutu ya bunduki, na makoloni yakapewa uhuru kama tunda la ukarimu wa serikali mpya. Kila sehemu ya kisa hicho ina ushahidi wake, isipokuwa hilo la ukarimu. Sasa anza mwaka 1961, vita vilipozuka Angola, uendelee hadi Guinea-Bissau mwaka 1963 na Msumbiji Septemba 1964. Utawaona maofisa walewale wakiwa vijana wanaopelekwa awamu baada ya awamu katika vita wasivyoweza kushinda, wakijifunza huko kwamba tatizo liko Lisbon. Kwa masimulizi haya ya pili, wapiganaji wa Afrika ndio walioidhoofisha dola ya Ureno, na maofisa walimalizia kazi upande wa pili wa bahari. Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, FRELIMO, chama kilichoongoza vita vya ukombozi huko, hakikuwa na sababu ya kujiona kinapokea zawadi. Na kwa Mreno aliyezaliwa Lourenço Marques, yaani Maputo ya leo, akafungasha mwaka uleule kwenda katika nchi ya wazazi wake ambayo huenda hakuwahi kuiona, mwanzo ni siku aliyofunga mlango wa nyumba yake.

Kwa hiyo nakushauri uandike pa kuanzia pako wazi katika ukurasa wa kwanza, useme kwa nini umechagua hapo na ni nani asingepachagua. Kwa Zanzibar, hilo litakulazimu kuziweka habari za mashamba na habari za makaburi katika sura moja, kwa uzito uleule wa ushahidi.

Mtafiti Huru amejibu:

Naongeza moja tu kwa ushauri wa Mwalimu. Kwa kila tukio, tafuta angalau maandishi au simulizi za mtu mmoja ambaye hakushinda na wala hakupinduliwa: mpangaji, mtumishi wa ndani, askari wa cheo cha chini, mke wa ofisa. Viongozi wa pande zote mbili huacha kumbukumbu nyingi, na mara nyingi hukubaliana kuliko wanavyodhani kuhusu nini kilikuwa muhimu. Hao wengine ndio watakaokuambia ni lini hasa waliona kwamba kuna kitu kimebadilika, na mara nyingi tarehe watakayoitaja haitakuwa ile ya sikukuu.